Je, dhahabu yenye fuwele za pembesita bado ni dhahabu?

Swali la msomaji: Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari. Kila mwaka ninawafundisha wanafunzi wangu kwamba atomu za dhahabu hupangana katika fuwele za mchemraba, ambamo kuna atomu katika kila kona na nyingine katikati ya kila uso. Hivi karibuni mwanafunzi mmoja aliniletea habari kwamba zipo maabara zilizotengeneza chembe za dhahabu zenye fuwele za pembesita, na nyingine zenye pande tano. Je, kitabu kimekosea? Kitu hicho bado ni dhahabu? Na nitajuaje kama madai ya namna hiyo ni ya kweli?

Jibu: Mwalimu, kitabu chako hakijakosea, na mwanafunzi wako hakudanganywa. Kitabu kinaeleza dhahabu ya ukubwa unaoshikika mkononi, katika joto na kanieneo za kawaida. Habari aliyoileta mwanafunzi inahusu chembe zenye upana wa nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), au matandazo yaliyo membamba kiasi hicho. Kati ya hali hizo mbili kuna mabadiliko makubwa ya hesabu ya nishati, na hesabu hiyo ndiyo inayoamua atomu zikae vipi.

Kuhusu swali lako la pili, kinachoifanya dhahabu iwe dhahabu ni protoni 79 zilizomo katika kiini cha kila atomu yake. Namna atomu zinavyopangana ni jambo jingine. Chuma kikipashwa moto kupita nyuzi 912 za Selsiasi huhama kutoka mpangilio mmoja wa mchemraba kwenda mwingine, wala hakuna mhunzi anayesema kuwa kimeacha kuwa chuma. Karati nazo hupima sehemu ya dhahabu iliyomo katika mchanganyiko, hazipimi fuwele. Ninalitaja hili kwa sababu matapeli hawakosi msamiati mpya, na haitashangaza siku moja mtu akiuziwa «dhahabu ya pembesita» kwa bei ya juu. Tandazo moja la dhahabu hiyo, lenye upana wa nanomita 300 na unene wa nanomita 2.4, lina uzito mdogo kiasi kwamba gramu moja ingehitaji matandazo zaidi ya trilioni 200.

Sasa tuje kwenye kiini cha jambo. Chukua machungwa yanayolingana ukubwa, uyapange mezani yakiwa yamesongamana, kila moja likizungukwa na sita. Hilo ndilo tabaka A. Tabaka la pili, B, litakaa katika mabonde ya lile la kwanza. Unapofika tabaka la tatu unapata hiari: unaweza kuyaweka machungwa juu kabisa ya yale ya tabaka la kwanza, ukapata mfuatano wa A-B-A-B, au unaweza kuyaweka katika mabonde yale mengine, ambayo hayana chungwa chini yake katika tabaka lolote kati ya yale mawili, ukapata A-B-C-A-B-C. Mfuatano wa kwanza ndio mpangilio wa pembesita, na wa pili ndio mchemraba wa kitabuni, ingawa mchemraba wenyewe huonekana tu ukiuinamisha mrundo huo. Katika mipangilio yote miwili kila chungwa linagusana na wenzake 12, na katika yote miwili machungwa yanajaza takriban asilimia 74 ya nafasi. Wanafunzi wako wanaweza kuitofautisha kwa kuchungulia kutoka juu. Katika A-B-A-B nafasi za C hazikaliwi kamwe, kwa hiyo kuna matundu yanayopenya moja kwa moja hadi mezani. Katika A-B-C kila tundu limezibwa. Ipo pia mifuatano mirefu zaidi, kama A-B-C-B, ambao wataalamu huuita 4H kwa kuwa unajirudia kila baada ya matabaka manne.

Kwa kuwa majirani wa karibu ni 12 katika kila hali, tofauti ya nishati kati ya mipangilio hii hutokana na majirani wa mbali zaidi, na kwa dhahabu ni ndogo mno. Kuing'oa atomu moja ya dhahabu kutoka ndani ya metali yake kunagharimu takriban elektroni-volti 3.8 (elektroni-volti ni kipimo cha nishati kinachofaa kwa atomu mojamoja), ilhali kuihamisha kutoka mchemraba kwenda pembesita kunagharimu chini ya moja ya mia ya elektroni-volti. Kwa maneno mengine, dhahabu inaupendelea mchemraba, lakini upendeleo wenyewe ni mwembamba. Fedha iko karibu hivyohivyo. Platini na paladi ni kaidi zaidi, kwani tabaka moja likikaa mahali pasipo pake ndani ya platini, gharama yake kwa kila mita mraba ni takriban mara kumi ya ile ya dhahabu.

Hata dhahabu ya kawaida kabisa, tena katika vipande vikubwa, haiufuati mchemraba kila mahali. Katika uso wake wenye atomu zilizosongamana zaidi, atomu za tabaka la juu hujibana hadi 23 zikaenea mahali pa 22. Matokeo yake ni mistari inayopishana, mmoja ukiwa umekaa kwa mfuatano wa mchemraba na unaofuata kwa mfuatano wa pembesita. Jambo hili limepigwa picha mara nyingi kwa hadubini zinazoweza kuona atomu mojamoja. Atomu za usoni zimepoteza baadhi ya majirani zao, na kwa sababu hiyo zinatafuta namna nyingine ya kujifidia.

Hapo ndipo ukubwa wa chembe unapoingia. Tuchukue familia moja ya chembe ambayo hesabu yake ni rahisi, inayojengwa kwa kuizungushia atomu moja ganda baada ya ganda. Chembe ya atomu 55 ina atomu 42 usoni, yaani zaidi ya robo tatu. Ya atomu 309 ina 162 usoni, ambazo ni zaidi kidogo ya nusu. Ya atomu 923, ambayo upana wake ni takriban nanomita tatu, bado ina 362 usoni. Katika pete ya ndoa sehemu hiyo ni ndogo kiasi cha kutohesabika, na matakwa ya atomu za ndani ndiyo yanayoshinda. Katika chembe ya nanomita mbili atomu za usoni ni nyingi kuliko zile zilizojificha, na ni kawaida kwa matakwa yao kuusukuma mchemraba pembeni.

Suluhisho la kwanza ambalo chembe hizi hulitumia ni kujigawa katika fuwele pacha. Mwaka 1966 mtafiti Mjapani Shozo Ino alieleza chembe za dhahabu alizozikuza kwa kuutua mvuke wa dhahabu juu ya fuwele za chumvi ndani ya ombwe. Baadhi yake zilikuwa na ulinganifu wa pande tano, jambo ambalo fuwele moja kamili haliwezi, kwa sababu pande tano hazijazi nafasi bila kuacha pengo. Siri ni kwamba chembe ya namna hiyo haikuwa fuwele moja. Ilikuwa piramidi tano, kila moja ikiwa na nyuso nne za pembetatu na kila moja ikiwa mchemraba wa kitabuni kwa ndani, zilizounganishwa zikauzunguka ukingo mmoja. Pembe ya kila piramidi kwenye ukingo huo ni nyuzi 70.53, ukizijumlisha tano unapata 352.65, na zinabaki nyuzi 7.35 zisizo na mwenyewe. Chembe huliziba pengo hilo kwa kuzinyoosha atomu zake kidogo kila mahali. Ukiziunganisha piramidi 20 zikaizunguka nukta moja unapata umbo la nyuso 20, ambalo ndilo lenye zile hesabu za atomu 55, 309 na 923 nilizozitaja, na ambalo mtaalamu wa fuwele Mwingereza Alan Mackay alilichambua kihesabu mwaka 1962.

Faida ya maumbo haya ni kwamba nyuso zote za nje, au karibu zote, ni zile zilizosongamana zaidi, zenye nishati ndogo. Hasara ni ule mkazo wa kunyooshwa. Faida inakua kadiri eneo la uso linavyokua, ilhali hasara inakua pamoja na ujazo, kwa hiyo lazima ifike mahali hasara iipite faida na mchemraba urudi kutawala. Mahali hapo si mstari mkali. Kundi la Richard Palmer na wenzake huko Uingereza lilichapisha mwaka 2018 vipimo vya chembe za dhahabu zenye atomu 561, zilizochaguliwa kwa uzito na kupashwa moto hadi nyuzi 500 chini ya hadubini ya elektroni. Walikuta kwamba tofauti ya nishati kati ya chembe ya piramidi tano na ile ya mchemraba ni takriban elektroni-volti 0.04. Hiyo ni tofauti ya chembe nzima, si ya kila atomu. Nishati ya mtikisiko wa joto katika chumba cha kawaida ni takriban 0.025, kwa hiyo si ajabu kwamba maumbo yote mawili huonekana bega kwa bega katika sampuli moja.

Usidhani, hata hivyo, kwamba mapacha watano, yaani umbo lile la piramidi tano, ni wa chembe ndogo peke yake. Nyaya nyembamba za fedha zinazotumiwa kutengeneza matandazo angavu yanayopitisha umeme zina upana wa makumi ya nanomita na urefu wa maikromita nyingi, na nyingi kati yake ni mapacha watano kutoka ncha hadi ncha. Hizo zimeukuta umbo hilo zikiwa mbegu ndogo, kisha zikaendelea kurefuka kabla ya kupata nafasi ya kubadilika. Mpangilio wa fuwele, kwa hiyo, unaweza kuwa urithi wa utotoni, hata pale ambapo hesabu ya nishati ya ukubwani ingedai kitu kingine.

Hadi hapa kila piramidi kwa ndani bado ni mchemraba. Dhahabu ya pembesita halisi, ambayo nadhani ndiyo iliyokuwa katika habari ya mwanafunzi wako, ilikuja baadaye. Mwaka 2011 kundi la Hua Zhang, wakati huo likiwa katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Nanyang huko Singapore, lilitangaza matandazo mraba ya dhahabu yaliyokuzwa juu ya karatasi za oksidi ya grafini, yaani matabaka membamba mno ya kaboni yenye oksijeni, yenye ukingo wa nanomita 200 hadi 500 na unene wa nanomita 2.4 hivi, sawa na matabaka 16 ya atomu. Atomu zake zilikuwa zimekaa kwa mfuatano wa A-B-A-B. Mwaka 2015 kundi hilohilo likatangaza utepe wa dhahabu wenye mfuatano wa 4H, uliotengenezwa kwa wingi ndani ya kimiminika, kisha likautumia kama kiolezo: fedha, paladi na platini zilizokuzwa juu ya utepe huo zilifuata mpangilio wa 4H, hata platini ile kaidi.

Kinachonivutia zaidi katika kazi hizo ni jinsi mpangilio huo unavyopotea. Matandazo ya mwaka 2011 yaligeuka kuwa mchemraba yalipopigwa na mkondo wa elektroni wa hadubini iliyokuwa ikiyachunguza. Utepe wa mwaka 2015 uligeuka katika hali ya kawaida ya maabara, bila moto wala shinikizo, kwa kubadilishwa tu molekuli zilizoufunika. Molekuli hizo, yaani ligandi, hushikamana na atomu za usoni na kuwa sehemu ya hesabu ya nishati. Ukiziondoa na kuleta nyingine zinazoshika kwa nguvu tofauti, hesabu inabadilika na matabaka yanateleza hadi mahali pake pa kitabuni. Bila kutumia ukubwa mdogo na ligandi, njia nyingine ya kuipata dhahabu ya pembesita ni shinikizo la zaidi ya gigapaskali 240, ambalo ni karibu theluthi mbili ya lile lililopo katikati kabisa ya dunia.

Mambo huweza kwenda kinyume pia. Rutheni, ndugu wa platini, ni ya pembesita katika hali ya kawaida. Mwaka 2013 kundi la Hiroshi Kitagawa wa Chuo Kikuu cha Kyoto lilitengeneza chembe za rutheni zenye upana wa nanomita 2 hadi 5.5 zilizokuwa za mchemraba, na siri yao ilikuwa kuchagua chumvi ya rutheni ya kuanzia na kimiminika cha kuigeuza kuwa metali. Chembe hizo zilipojaribiwa kama kichocheo cha kuiunguza monoksidi ya kaboni, zile za mchemraba zilizozidi nanomita 3 zilifanya kazi vizuri kuliko za pembesita za ukubwa uleule. Hapo ndipo ilipo thamani ya utafiti huu, kwa sababu kichocheo hufanya kazi kwa uso wake, na mpangilio tofauti huleta uso tofauti bila kubadilisha metali.

Ukishuka chini zaidi, kwenye chembe za atomu mia moja au pungufu, swali lenyewe la mchemraba au pembesita huanza kupoteza maana. Mwaka 2007 kundi la Roger Kornberg wa Stanford lilionyesha mahali pa kila atomu katika chembe yenye atomu 102 za dhahabu na ligandi 44 zenye salfa. Katikati yake kuna kiini cha atomu 49 chenye ulinganifu wa pande tano. Chembe nyingine mashuhuri, yenye atomu 25 na ligandi 18, ina kiini cha atomu 13 chenye umbo la nyuso 20. Mimi binafsi ningeziita molekuli badala ya fuwele, kwa kuwa kila moja ina idadi maalumu ya atomu na inaweza kuandikiwa fomula.

Nimelibakiza swali lako la tatu, nalo ni gumu, kwa sababu katika eneo hili ni rahisi kujidanganya. Tuanze na eksirei, ambazo hutawanywa na matabaka ya atomu na kuonekana kwenye grafu kama vilele katika pembe maalumu. Kwa mashine ya kawaida yenye shabaha ya shaba, dhahabu ya mchemraba hutoa vilele kwenye nyuzi 38.2 na 44.4, na vingine mbele zaidi. Dhahabu ya pembesita yenye umbali uleule kati ya atomu ingetoa pia vilele karibu na nyuzi 36 na 41. Kwa fuwele kubwa tofauti hiyo ingeonekana waziwazi. Lakini kadiri chembe inavyopungua, kilele kinapanuka: kwa chembe ya nanomita 4 upana wake ni nyuzi mbili hivi, na kwa chembe ya nanomita 2 unazidi nyuzi nne, kiasi kwamba vilele jirani vinamezana na kuwa kilima kimoja. Mapacha watano nao huvivuruga vilele kwa mkazo wao. Mtu akikuonyesha kilima hicho na kukuambia kwamba ni ushahidi wa mpangilio mpya, una haki ya kusita.

Hadubini ya elektroni ni bora zaidi, ila nayo ina mitego miwili. Wa kwanza ni kwamba mkondo wake unaweza kuibadilisha chembe. Mwaka 1986 Sumio Iijima na Toshinari Ichihashi walirekodi kwa video chembe ya dhahabu ya nanomita mbili, yenye atomu 460 hivi, ikihama kutoka umbo moja hadi jingine kwa sehemu ndogo ya sekunde: sasa fuwele moja, sasa pacha, sasa nyuso 20. Picha moja ya chembe kama hiyo inakuambia ilikuwaje wakati wa kupigwa picha, si zaidi.

Mtego wa pili umewanasa wengi walioangalia vibamba vyembamba vya dhahabu na fedha kutoka juu. Katika mtawanyiko wa elektroni huonekana nukta zinazolingana na umbali wa nanomita 0.25 kati ya safu za atomu, ambazo mchemraba kamili haupaswi kuzitoa. Dhahabu ya pembesita hutoa nukta mahali hapohapo, na hivyo ni rahisi kuhitimisha kwamba imepatikana. Lakini nukta hizo katika mchemraba hufutika tu pale ambapo matabaka A, B na C yapo kwa idadi sawa na kufutana. Kibamba kikiwa na matabaka 16 badala ya 15, au kikiwa na tabaka moja lililokosea mahali pake, au kikiwa na pacha ndani yake, ufutaji haukamiliki na nukta hujitokeza. Ukiangalia kutoka juu peke yake, huna njia ya kujua ni ipi kati ya sababu hizo.

Kwa hiyo, unapoletewa makala ya namna hii, tafuta kwanza picha iliyopigwa kutoka ubavuni, ambapo matabaka yanaonekana yamesimama kama mistari na mfuatano wake unaweza kuhesabiwa: mstari unaokwenda mshazari bila kukata kona ni A-B-C, na unaopinda kushoto na kulia kila tabaka ni A-B-A-B. Hesabu mwenyewe matabaka mangapi yanaufuata mfuatano huo bila kukatika. Matabaka matatu au manne yaliyo katikati ya mchemraba ni kasoro ya kawaida ambayo kila mfua dhahabu huizalisha bila kujua kila anapopiga nyundo. Matabaka 15 au 20 mfululizo, katika chembe nyingi na si moja iliyochaguliwa, ndiyo yanayostahili jina la mpangilio mpya. Kisha uangalie kama watafiti wameeleza walitumia mkondo mdogo wa elektroni kiasi gani, na kama waliipiga chembe ileile picha zaidi ya mara moja.